Kijana wa Lamu, kondoo mia tatu na nyumba isiyo na maamkizi

Nimekua nikikieleza kisa hiki vipande vipande kwa kila anaenisimamisha pale forodhani, na kila nikieleza kipande kimoja watu wanachukua maana wanayoitaka wao, kwa hio nimeona bora nikae nikiandike chote.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka 24, kazaliwa Lamu mtaa wa Langoni, kazi yake ni punda, kubeba mawe na mchanga wa ujenzi tangu yuko shule. Aprili mwaka 2025, kama wiki mbili baada ya Idi, aliondoka kwenda kujitolea kwenye shamba la kondoo kisiwa cha Lewis, huko kaskazini magharibi ya Scotland. Wiki ya tatu akanitumia voisnoti ya sekunde kumi na moja: "Mjomba, nataka kurudi. Usimwambie mama."

Sekunde kumi na moja, na huyu ni mtoto akikutumia voisnoti unaweza kunywa kahawa ukaimaliza bado anaongea. Hapo ndio nikajua kuna jambo.

Nieleze kwanza mambo ya karatasi, haraka, manake vijana wanaulizia sana. Huu mpango wa kufanya kazi shambani upewe chakula na pa kulala ni wa zamani, WWOOF, mtandao wa mashamba hayo, ilianza huko Uingereza mwaka 1971, na sai kuna mashamba ya namna hio dunia nzima. Ila kwa pasipoti yetu, jueni kwamba Uingereza kazi ya kubadilishana na chakula ni kazi tu kama kazi nyingine, huingii na viza ya utalii ukaenda kuzalisha kondoo, ukishikwa umeharibu jina lako kwa miaka. Yeye shamba lake liko chini ya shirika la hisani, na ndilo lililomdhamini, akapata ile viza ya wafanyakazi wa hisani ambayo inaweza kufika miezi 12 na haina mshahara. Yeye alipewa chini ya miezi sita.

Sisi nyumbani tulijiandaa. Dada yangu alituma mtu soko la Kongowea, Mombasa, akachagua jaketi mbili za mitumba nzito, gambuti tukanunua, soksi za sufu, viksi, tende. Kila mtu alizungumzia baridi. Baridi baridi baridi. Nayo baridi wala haikumshinda, hilo nitalirudia.

Shamba lenyewe liko upande wa magharibi ya kisiwa, nyumba moja ya mawe, banda refu la bati, na kondoo kama mia tatu. Miti hakuna, upepo umeikataza. Jirani unamuona kwa taa tu usiku. Udongo ni mweusi wa kinamasi, wanaukata vipande kama matofali, wanaukausha na kuuchoma kama kuni, na moshi wake anasema ukishaingia kwenye nguo hautoki. Netiwaki unaipata ukipanda kilima nyuma ya banda. Nyumbani mna mzee mmoja na mkewe, umri wao kama wa babu yake na bibi yake, ndio wanaolisimamia shamba. Wao kwa wao wanaongea Kigaeli, lugha ya kule kisiwani, na yeye wanamuambia la lazima kwa Kiingereza: shika hii, fungua ile, basi.

Alifika na msimu wa kuzaa ndio unaanza, na msimu huo hauna usiku wala mchana, mwaka mzima wa shamba umekaa kwenye zile wiki tano sita. Unazunguka malisho na tochi, unatafuta kondoo aliejitenga, unaangalia kama miguu miwili ya mbele na pua vinatoka pamoja, kama kichwa kimegeuka nyuma unamuita mzee. Mtoto akitoka unampaka iodini kwenye kitovu na unahakikisha kanyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa mbili za mwanzo, manake bila dang'a hana kinga yoyote. Kisha unampulizia mama na watoto wake namba moja ya rangi ubavuni, ili ujue nani ni wa nani. Hayo yote aliyashika kwa siku tatu. Mtu aliezoea punda anajua kusoma masikio.

Sasa kisa chenyewe. Alipotaka kurudi sikumwambia vumilia. Nyumbani wengine walipokuja kujua walimwambia vumilia, watu wanatafuta nafasi kama hio hawaipati, na mimi naona hilo neno lilimuongezea mzigo, manake lilimfunga mdomo. Mimi nilimuambia panda kilimani, nieleze jana yako yote, tangu ulipofungua macho mpaka ulipolala, usiruke hata kitu kimoja. Akapanda. Kule wako saa mbili nyuma yetu, kwa hio huku ilikua usiku, nimekaa barazani na simu sikioni, nikasikiliza karibu dakika arubaini na upepo unapiga kwenye maiki.

Alinihesabia kondoo, mvua, ndoo, lango. Nilipomaliza nikagundua kitu. Ndani ya dakika arubaini hakuna sentensi hata moja ambayo mtu alimwambia yeye. Nikamuuliza, jana nani alikuambia nini? Akakaa kimya kisha akasema, "Mjomba, mbwa anaitwa jina. Mimi siitwi."

Mtu wa nje atasema ni mchanga, kadeka. Sio. Fikiria wewe umelelewa Langoni, ukitoka mlangoni asubuhi mpaka ufike forodhani umeshaamkiwa na watu ishirini, yambo, hujambo, habari za tangu jana, za nyumbani, mama hajambo, na usipoamkiwa na mtu mmoja tu kati ya hao unaanza kujiuliza nimemkosea nini yule. Kwetu kumnyima mtu salamu ndio adhabu yenyewe. Huyu kijana kaingia nyumba ambayo asubuhi mtu anavaa viatu na kutoka. Kila siku, kwa akili yake, alikua anaadhibiwa, na hajui kosa.

Kisha akalipata kosa. Hapa ndipo palipo na uzito wote wa kisa hiki.

Asubuhi moja wiki ya pili walikuta mwanakondoo malishoni, kazaliwa jioni, kalala usiku mzima kwenye mvua ya barafu, mama kamuacha kando. Anapumua kwa mbali. Mzee alimpa amshike akakimbilia kondoo mwingine aliekua anahangaika kuzaa. Mpwa wangu akafanya alichofanya mtu yeyote mwenye huruma, akamuweka mbele ya hita, akamsugua na taulo, akamfunika na fulana yake mwenyewe. Mtoto akaanza kuchangamka kidogo, kisha akakakamaa, miguu ikapiga hewa, akafa mikononi mwake. Mzee akarudi, akaangalia, hakusema neno. Akamshika yule mtoto miguu ya nyuma akatoka nae.

Baada ya muda yeye akapita dirishani kwa banda akamuona mzee anamchuna ngozi yule mtoto aliekufa.

Jioni mezani kukawekwa nyama.

Mnaona alipofika. Yeye kwa hesabu yake: nimeua mwanakondoo wao, wamekasirika, na sasa huu mzoga ndio wananiwekea mezani. Aliinuka hakula. Siku ya pili akasema hana njaa. Siku ya tatu mama mwenyeji akamuachia sahani nje ya mlango wa chumba chake, na yeye akaona basi, nimefukuzwa hata mezani. Akawa anakula mkate na mayai peke yake, anaswali, anarudi zizini. Hivyo ndivyo zilivyoenda siku saba kabla ya ile voisnoti.

Nilimwambia mambo mawili. La kwanza, kilio usikizuie, umefiwa na mnyama mikononi na hujamwambia mtu. La pili, leo usiku ingia jikoni wakati wanakula, toa salamu kama unaingia kwa bibi yako, kaa, na useme yote uliyonayo, kwa Kiingereza hicho hicho cha shule. Sema sili damu, sili mzoga. Sema mbwa akinilamba lazima nioshe. Sema kwetu mtu asipoamkiwa anajua kakosa. Na uulize kuhusu yule mtoto. Wakikufukuza, tiketi nitatafuta mimi.

Hakulala vizuri yeye wala mimi.

Akaingia. Akasema. Mama akaweka kijiko chini. Mzee akakaa muda mrefu anaangalia meza, kisha akasema, kosa lile ni langu. Akamueleza kitu ambacho angepaswa kumueleza siku ya kwanza: mwanakondoo aliepitisha saa tano tangu kuzaliwa na joto lake limeshuka chini ya nyuzi 37 keshachoma akiba yake yote ya nguvu mwilini, ukimpasha moto kabla ya kumpa sukari anaingia kifafa na kufa. Wa namna hio anadungwa glukosi tumboni kwanza, ndio anapashwa moto. Aliezaliwa sasa hivi ndio unaweza kumpasha moto moja kwa moja. Mzee alijua hayo miaka yote, kamuachia kijana mgeni, na kile kimya chake siku ile kilikua ni kujilaumu. Alikua ameona aibu mbele ya mpwa wangu.

Na ile ngozi? Wakamchukua mpaka bandani na tochi. Kulikua na mwanakondoo wa ziada, wa tatu kwa mama mwenye maziwa ya wawili, na ndie aliekua amevalishwa siku ile ile ngozi ya marehemu kama koti, miguu minne ikapitishwa kwenye matundu. Kondoo anamjua mtoto wake kwa harufu. Yule mama aliefiwa alikua ananusa mkia wa yule mtoto, anaguna kwa sauti ya chini, na mtoto kapiga magoti ananyonya huku mkia unatikisika. Ngozi ilikua imeshavuliwa siku ya tatu nne, na yeye keshakua wake. Mpwa wangu aliniambia alisimama pale akashindwa kuongea, manake kwa siku saba alikua anapita mbele ya zizi lile uso chini, na jibu lake lilikua linanyonya mle ndani.

Nyama ya mezani ilikua ya dukani. Na kwa vile sio halali bado hakuila, lakini sasa anakataa kwa maneno, na wao wakaanza kumpikia samaki.

Sasa kuna upande wa pili, ambao mimi nauona ni muhimu sawasawa. Mama mwenyeji nae alikua na lake moyoni. Kisiwa kile wengi wanaishika Jumapili kwa dini hasa, maduka mengi yanafungwa, kazi inakua ni ile ya kumuokoa mnyama tu, na hata nguo hazianikwi nje. Mpwa wangu Jumapili mbili mfululizo kaanika kanzu yake kwenye kamba mbele ya nyumba, nyeupe, inaonekana mpaka barabarani. Mama hakusema. Akajiambia kijana anatudharau. Na siku ya kwanza kabisa walimpikia ile soseji nyeusi ya damu na oti, ambayo Stornoway, mji mkubwa wa kisiwa kile, ni maarufu kwayo, tangu 2013 jina lake linalindwa kisheria, yaani walimpa kitu cha fahari yao, na yeye akaisukuma sahani pembeni bila kusema kwa nini. Damu kwetu ni haramu na hakuna mjadala. Lakini neno moja lingetosha, na alikua na Kiingereza cha kutosha kulisema. Hapo nilimlaumu na nikamwambia.

Kwa hio nyumba nzima watu watatu, kila mmoja anaamini wenzake wamemkasirikia, kila mmoja ananyamaza kwa adabu. Wale wazee walidhani mgeni amechoka nao anataka kuachwa apumzike, ndio wakamuachia sahani mlangoni. Ilikua ni heshima ile.

Baada ya usiku ule mambo yalifunguka, sio yote kwa pamoja. Asubuhi yake mzee alisimama mlangoni na viatu mkononi akasema "Madainn mhath", ndio asubuhi njema kwa Kigaeli, akasubiri. Mpwa wangu akairudisha vibaya, mzee akamrekebisha. Kisha mzee akamuuliza, kwenu nyumbani mnaongea kile Kiswahili cha redioni? Akasema hapana, sisi tunaongea Kiamu, Kiswahili cha Lamu, shuleni ndio tulikua tunasahihishwa. Mzee akavuta kiti. Nae alikua na yake ya utotoni kuhusu lugha ya nyumbani na lugha ya darasani, wakakaa mpaka chai ikapoa. Mpaka anaondoka, kila siku neno moja la Kigaeli linabadilishwa na neno moja la Kiamu. Mzee anajua kusema ndoo na mai, na anajua kabisa kwamba Nairobi watasema njoo na maji.

Mbwa lilikua suala lenyewe. Sisi ni Shafii, ute wa mbwa ni najisi nzito, unaosha mara saba na moja iwe kwa udongo. Mbwa mkavu akikugusa nawe mkavu hakuna tatizo, lakini nani kaona mbwa mkavu kwenye kisiwa cha mvua? Na bila yule mbwa kondoo mia tatu huwapandishi kilimani. Wakapanga: ovaroli na gambuti za kazi hazivuki mlango wa banda, ndoo ya udongo safi na bomba viko pale pale nje, kanzu na msala viko chumbani kwenye sanduku, na mbwa haingii upande ule wa nyumba. Mama mwenyeji alipoelezwa sababu hakukunja uso, alisema mkwewe nae alikua hapendi mbwa karibu na Biblia.

Nyakati za swala zilimchanganya zaidi kuliko baridi. Lamu jua linazama saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi, mwaka mzima halina mambo mengi. Kule Juni linazama kama saa nne na nusu usiku na kuchomoza saa kumi na dakika ishirini alfajiri, na katikati hapo giza halikamiliki, kwa hio isha ni lini na alfajiri ni lini? Hilo halitatuliwi na mjomba kwenye simu. Stornoway kuna msikiti tangu 2018, ndio wa kwanza katika visiwa vile, na kuna familia zenye asili ya Pakistani waliokaa pale vizazi na vizazi. Mzee akawa anampeleka kwa gari Ijumaa moja baada ya moja, anamsubiri huku ananunua chakula cha mifugo. Pale akapewa ratiba wanayoifuata wao, na biriani. Mtoto wa mji ambao adhana zinapishana kila kona alilia siku ile, kaniambia mwenyewe na sioni haya kuandika.

Na akapewa kazi yake. Hili nalo naliweka mbele. Wiki za mwanzo alikua mkono wa mtu mwingine, shika, fungua. Baada ya pale wakamkabidhi wale yatima waliokosa mama wa kuwabeba, sita, maziwa ya chupa mara nne kwa siku, uzito anaandika yeye, kama mmoja anaharisha anaamua yeye. Kutoka hapo voisnoti zikarudi urefu wake. Kuna siku alimuona kwa mbali kondoo kalala chali mtaroni, wanasema kondoo mwenye sufu nzito akipinduka hivyo hawezi kuinuka, gesi inajaa tumboni na anakufa ndani ya masaa, akamkimbilia akamuinua na kumshikilia mpaka miguu ikapata nguvu. Hakutumwa na mtu. Alinitumia picha ya yule kondoo anatembea zake, kimgongo tu, picha mbovu, na naipenda kuliko zote alizotuma.

Dada yangu mpaka leo ananilaumu kwa kumficha zile siku. Ana haki. Lakini kila picha ya mwanakondoo mtoto aliyoituma yeye alikua anaiweka status, na majirani wanampongeza, na mtoto kule anaona pongezi na anazidi kushindwa kusema. Mimi nisingeweza kumtua mzigo huo nikiwa nimeshamuongezea mama yake kilio.

Alirudi Septemba, mikono imekua migumu, anaamka alfajiri kabla ya adhana. Juzi kaja kijana wa Matondoni, kijiji cha hapa hapa kisiwani Lamu, nae kapata shamba la namna hio, kaleta orodha ya vitu vya kununua, jaketi, gambuti, glavu. Mpwa wangu aliisoma, akaikunja akamrudishia, akamuuliza, "Ile nyumba usiku wanakula pamoja, ama kila mtu na sahani yake?" Yule kijana hakujua. Akatoa simu, tukakaa barazani sote watatu tukimsubiri mwenyeji wake apokee.